UZI: Kugeuza ramani za zamani za karatasi kuwa faili za CAD (michoro ya kompyuta). Yaliyonikuta Rungwe na njia ninayoifuata sasa

MchoraUyole (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mchora ramani za majengo, nipo Uyole hapa Mbeya. Siku hizi wateja wangu wengi hawaji kutaka nyumba mpya. Wanakuja na karatasi iliyokunjwa mara nane, imetoboka kwenye mikunjo, wanataka iingie kwenye kompyuta ili waongeze chumba au wabadilishe paa. Karibu kila mmoja anauliza swali lile lile: "Si unaiskani tu halafu kuna programu inageuza?"

Programu zipo. Ninazo na ninazitumia. Ila nimeona niandike uzi huu kwa sababu nilishawahi kuiamini programu kuliko karatasi yenyewe, na gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwa na kosa.

Nililetewa ramani ya ukumbi wa jumuiya moja wilayani Rungwe. Jengo la zamani la tofali za kuchoma, paa limechoka, na mnajua mvua za Rungwe hazimsubiri mtu. Walitaka kenchi mpya kabla ya Novemba. Nikaiskani ramani, nikaipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa mistari, ikatoka faili ya DXF, yaani faili ya mistari inayofunguka kwenye programu za kuchorea. Maandishi yalitoka takataka tupu, herufi zisizosomeka, nikayafuta yote kwenye leya yake (tabaka lake la mchoro) nikabaki na mistari. Kona ya chini kulia, pale inapoandikwa skeli, karatasi ilikuwa imechanika. Ukubwa wa chumba ulionekana wa kawaida, nikachukulia kuwa ni 1:100, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 100 za jengo, kama ramani zetu za leo. Upana wa ukumbi ukasoma mita 9.525. Nikachora kenchi, fundi akanunua mbao Mafinga, akaunga kenchi 13 chini kabla ya kuzipandisha.

Ya kwanza ilipopanda akanipigia simu: "Kaka, kenchi zako zimepita ukuta." Sentimita 38. Kumi na tisa kila upande.

Ramani ile ilichorwa kwa futi na inchi. Skeli yake ilikuwa inchi moja ya nane kwa futi moja. Futi ina inchi 12, zidisha kwa nane, unapata 1:96. Ukumbi ulikuwa futi 30, yaani mita 9.144. Kwenye karatasi hizo futi 30 zina urefu wa milimita 95.25, na mimi niliyezidisha kwa 100 nikapata 9.525. Tofauti ya 1:96 na 1:100 ni kama asilimia nne tu, na ndiyo maana inapita bila kuonekana. Ingekuwa 1:50 ningeshtuka, mlango ungekuwa na upana wa dirisha. Asilimia nne inafanana na kweli.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba namba 30'-0" ilikuwepo pale kwenye karatasi, imefifia kwenye mkunjo lakini ipo. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe pamoja na takataka. Kenchi zilifunguliwa zote, boriti za chini zikakatwa, pembe za paa zikapigwa upya, siku zikapita na mvua ya kwanza ikakuta ukuta uko wazi.

Sasa nieleze kinachotokea ndani ya kompyuta, maana ukikielewa hutarudia kosa langu. Karatasi ya A1 ni milimita 594 kwa 841. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya pikseli kama 7,016 kwa 9,933, karibu vidoa milioni 70. Humo hakuna ukuta wala mlango. Kuna vidoa vyeusi vilivyokaa jirani na vidoa vyeupe. Programu inapita ikitafuta vidoa vyeusi vilivyojipanga foleni, ikivipata inaweka mstari juu yake. Mkunjo wa karatasi nao ni foleni ya vidoa. Doa la chai ni duara. Herufi "O" ni duara. Ukuta wa tofali ni mistari miwili sambamba, na mfereji uliochorwa pembeni ya jengo nao ni mistari miwili sambamba. Yote kwake ni sawa.

Na kila pikseli kwa nukta 300 ina upana wa milimita 0.085 hivi. Kwa skeli ya 1:100 hiyo ni milimita 8.5 kwenye jengo. Kwa hiyo hata kila kitu kikienda vizuri, mstari uliogeuzwa unaweza kukaa nje ya mahali pake kwa zaidi ya sentimita, maana mstari wenyewe una unene wa pikseli kadhaa na programu inachagua pa kukaa. Kwa paa si tatizo kubwa. Kwa mtu anayetengeneza fremu za aluminiamu za madirisha ni tatizo.

Bado kuna jambo moja kwenye ramani ile sijalielewa. Nilipogeuza skeli kuwa 1:96 kila kitu kilikubali: urefu wa ukumbi futi 60, mita 18.288, pembe kwa pembe tulipima kwa futi kamba tukapata mita 20.45 kama hesabu inavyodai. Lakini chumba cha nyuma ya jukwaa mstari wake unasoma futi 10, namba iliyoandikwa ni 12'-0", na jengoni ni futi 12 kweli. Skeli ni ile ile, karatasi ni ile ile. Mwenye uzoefu anisaidie.

BintiTukuyu

Pole sana kaka. Mimi nakadiria majenzi, napokea haya mafaili kutoka kwa watu kila wiki. Naomba kuuliza: kuna PDF nikifungua kwenye AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, inageuka mistari safi kabisa, na nyingine inakaa kama picha, haigusiki. Zote ni PDF. Tofauti ni nini? Halafu wateja wengi wananitumia picha ya simu, wanasema wamepiga vizuri.

MchoraUyole

Dada, PDF ni mfuko tu. Mwingine ndani yake una mistari halisi kwa sababu ilitoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea, mwingine una picha iliyotoka kwenye skana. Namna rahisi ya kujua: ikuze mpaka mwisho. Mstari ukibaki mkali, hiyo ni vekta. Ukiona ngazi ngazi na ukungu, ni picha.

Ile ya vekta ni neema. AutoCAD tangu toleo la 2017 ina amri ya PDFIMPORT, inakutolea mistari, na kama aliyehifadhi PDF aliacha leya, nazo zinakuja. Usiye na AutoCAD unaweza kufungua PDF kwenye Inkscape, ambayo ni ya bure, ukahifadhi kama DXF, kisha ukaendelea kwenye LibreCAD. Ila kuna mambo matatu ya kuangalia. Maandishi yaliyoandikwa kwa fonti za SHX (herufi za AutoCAD zinazoundwa kwa vijistari) hayaji kama maandishi, yanakuja kama vijistari. AutoCAD ina PDFSHXTEXT ya kuyarudisha, ila kagua moja moja. Vipimo navyo haviji kama vipimo. Mshale ni pembetatu, namba ni neno tu, ukivuta ukuta namba haibadiliki. Na PDF inajua ukubwa wa karatasi, haijui ukubwa wa jengo. Skeli unaiweka wewe.

Picha za simu mimi nazipokea kwa kusoma namba tu. Ukiinamisha simu kidogo, mstatili unakuwa na upande mmoja mfupi. Zile programu za simu zinazonyoosha pembe nne zinaifanya ionekane nzuri, lakini hazijui uwiano halisi wa upana kwa urefu, na mahali karatasi ilipotuna kwenye mkunjo hazipanyooshi. Ukichora juu yake utapata jengo lililopinda na hutajua limepinda wapi.

Skana ya kulaza ndiyo nzuri. Stesheneri nilizozunguka mimi hapa mjini, Mwanjelwa mpaka Kabwe, nyingi zinaishia A3. A1 ni A3 nne kamili, lakini vipande lazima vipishane ili uviunge, kwa hiyo utajikuta na sita au zaidi, na kila kiungo kinaongeza kosa. Nikiunga, nachora msalaba mdogo kwa penseli laini sehemu zinazopishana, na ninaomba ruhusa kwa mwenye karatasi kwanza. Hifadhi kama TIFF, si JPEG. JPEG inaweka ukungu kandokando ya mistari, na ukungu huo programu inaugeuza kuwa vijistari mamia.

Iyunga_Mwaka3

Shukrani mkuu kwa uzi. Niko MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) mwaka wa tatu. Nilijaribu kugeuza ramani kwa Inkscape, kila ukuta ukatoka na mistari minne badala ya miwili. Nimekosea wapi? Na hizi programu mpya za akili mnemba zinazosema zinatambua ukuta, mlango na dirisha zenyewe, unazionaje?

MchoraUyole

Hukukosea mdogo wangu. Ugeuzaji wa kawaida wa Inkscape unafuata ukingo wa weusi, kwa hiyo mstari mmoja wenye unene unapata kingo mbili. Ni mzuri kwa nembo na michoro ya fulana, si kwa ramani. Tangu toleo la 1.0 kuna chaguo la kufuata katikati ya mstari, tumia hilo. Baada ya hapo utakuta mistari mifupi mifupi iliyopandana. Kwenye AutoCAD amri ya OVERKILL inaondoa iliyorudiwa na PEDIT inaunga iliyokatika. Matao nayo yatakuwa vipande vipande vilivyonyooka. Futa, chora tao moja jipya kwa nukta tatu, ni haraka zaidi.

Hizo za akili mnemba nimezijaribu kwenye ramani za nyumba za kawaida. Zinatambua mlango kwa lile robo duara lake, zinafunga kuta, zinakuokolea muda. Lakini zinaanza na picha ile ile. Skeli iliyochanika haimo ndani ya picha, na hakuna akili itakayoipata humo. Ya kwangu ingenipa kenchi 13 za mita 9.525 zikiwa zimechorwa vizuri zaidi.

MpimaIringa

Kamwene wote. Nachangia upande wa viwanja, kwa sababu nimeona watu wakifanya hatari kubwa kuliko kenchi.

Mtu anachukua ramani ya upimaji, anaiskani, anachora juu ya mipaka, anampa mhandisi faili ya DWG (ya AutoCAD) aweke jengo. Ndugu zangu, mpaka wa kiwanja hauchorwi kwa kufuata mstari. Ramani ya upimaji ina namba za bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa ardhini) na viwianishi vyake, yaani namba za mashariki na kaskazini zinazoonyesha kila bikoni ilipo. Andika zile namba kwenye kompyuta kwa mkono, nukta kwa nukta, mpaka utajichora wenyewe. Kwenye ramani ya 1:2500 mstari wenye unene wa milimita 0.35 unafunika karibu sentimita 90 ardhini. Ndani ya unene wa mstari mmoja unaweza kupoteza njia ya miguu ya jirani yako.

Kosa lingine ni kukosea tarakimu wakati wa kunakili. Mbeya na Iringa zote ziko kanda ya 36 Kusini ya UTM (gridi ya ramani inayohesabiwa kwa mita), na ramani zetu nyingi zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji ambao ni tofauti na ule wa GPS. Kwa Mbeya mjini namba ya mashariki inazunguka 550,000 na ya kaskazini 9,015,000. Kwa Iringa mjini ni kama 797,000 na 9,140,000. Ukiona kiwanja chako cha Iringa kina mashariki ya 550,000, tafuta kosa kabla ya kulala. Na ukichukua nukta za GPS ya simu ukazipandisha juu ya ramani ya Arc 1960 bila kubadilisha mfumo, zitakaa mbali kwa mita mamia na utadhani bikoni imehamishwa. Nimeshuhudia majirani wakifikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwa jambo hilo.

Faili la CAD halibadilishi mpaka kisheria. Bikoni ndiyo mpaka. Ukiwa na shaka, mwite mpima aliyesajiliwa.

KarakanaMafinga

Mimi nachonga vipuri vya mashine za kupasulia mbao na za kusaga. Kwetu hata hiyo milimita 8.5 ya mkuu ni bahari.

Chukua shafti ya milimita 25 inayoingia kwenye tundu la H7 (daraja la usahihi wa tundu). Tundu linaruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.021, basi. Mstari kwenye mchoro, hata ukichorwa kwa ukubwa halisi, una unene wa 0.5. Mstari peke yake ni zaidi ya mara ishirini ya ruhusa niliyopewa. Kwa hiyo mtu akinitumia DXF iliyogeuzwa kutoka kwenye picha akasema "chonga hii", naomba mchoro wa karatasi nisome namba, faili naitumia kuona umbo tu.

Programu za kusoma maandishi nazo zina mahali pamoja zinapokosea karibu kila siku: alama ya kipenyo, Ø. Inasomwa sifuri au nane. Ø60 inakuwa 860. Hiyo utaiona. Lakini Ø5 ikisomwa 85 kwenye bamba kubwa, unaweza kutoboa.

Jingine ambalo sijaona mtu akilisema: mpangilio wa mionekano. Michoro ya Ulaya na ya China inatumia pembe ya kwanza, ya Marekani pembe ya tatu. Kwa pembe ya kwanza, kipuri ukikitazama kutoka kushoto, unachokiona kinachorwa kulia. Kwa pembe ya tatu kinachorwa kushoto kule kule. Alama yake ni koni iliyokatwa, imechorwa ndogo karibu na kisanduku cha jina (pale kona panapoandikwa jina la mchoro na skeli), na ndiyo sehemu ambayo watu huikata wakiskani kwa sababu haina vipimo. Niliwahi kuchonga mkono wa lifti ya gogo ukatoka wa kulia badala ya wa kushoto, kila kipimo sahihi, na haufungi. Chuma kizuri kikaenda kwenye skrepa.

Msikate kisanduku cha jina. Skanini karatasi nzima mpaka ukingo.

BintiTukuyu

Hapo kwenye kisanduku cha jina nimejifunza. Kaka wa Uyole, hebu tupe utaratibu wako wa sasa, hatua ulizoanza kuzifuata baada ya Rungwe. Na vipi kuhusu muhuri wa msanifu wa mwanzo? Kuna mteja ananiambia niuache ulivyo kwenye faili jipya ili ramani ionekane rasmi.

MchoraUyole

Dada, muhuri usiuguse wala usiunakili. Sahihi na muhuri ni dhamana ya mtu juu ya karatasi ile aliyoisaini, si juu ya faili uliyoichora wewe miaka mingi baadaye. Kazi za usanifu majengo zimetajwa pia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa hiyo mteja kuwa na karatasi si sawa na kumiliki ubunifu. Mimi naandika wazi kwenye kisanduku changu: imechorwa upya kutoka karatasi ya zamani, vipimo vimehakikiwa jengoni tarehe fulani. Kibali cha halmashauri kikihitajika, msanifu na mhandisi waliosajiliwa wanaipitia na kugonga mihuri yao.

Utaratibu wangu sasa. Kabla ya kuwasha kompyuta nakaa na karatasi mezani na daftari. Naandika kila namba ninayoiona, na pale isiposomeka naandika "haisomeki" na mahali ilipo. Ninajumlisha minyororo: vyumba pamoja na unene wa kuta lazima vilingane na kipimo cha jumla cha nje. Ramani za futi na inchi mtego wake uko hapa, watu wanajumlisha 9'-6" na 9'-6" wanapata 18'-12" wanaiacha hivyo. Kila kitu nakigeuza milimita, futi ni 304.8 na inchi ni 25.4, sikadirii. Ukuta wa inchi tisa siuiti 200 kwa sababu tofali zetu za leo ni tofauti.

Ndipo naskani. Picha naiweka kwenye leya yake na kuifunga isiguswe. Nachagua nukta mbili zilizo mbali kabisa, zenye kipimo kilichoandikwa, naipanga kwa amri ya ALIGN ili umbali wake ulingane na kipimo hicho. Kisha napima kwingine, kwa mwelekeo unaokatiza. Karatasi za zamani zinanyonya unyevu, na hazivutiki sawa pande zote. Ikiwa upande mmoja umevutika asilimia moja, ukumbi wa mita 18 unaongezeka sentimita 18. Mielekeo miwili isipokubaliana, siamini mstari wowote wa picha ile, naitumia kama kumbukumbu ya umbo tu na kuta nazichora kwa namba za daftari.

Ugeuzaji wa programu naufanya, ila kwa vitu ambavyo kosa lake halimuumizi mtu: miti ya kwenye ramani, mistari ya miinuko ya ardhi, mapambo ya fasadi. Kuta, madirisha, nguzo na paa nachora upya kwa mkono juu ya picha. Nyumba ya vyumba vitatu inanichukua siku moja, na kusafisha faili iliyogeuzwa yenyewe ilikuwa inanichukua siku moja na nusu.

Mwisho naenda jengoni. Mteja akikataa kulipa nauli ya kwenda kupima, siku hizi nalipa mwenyewe au naiacha kazi. Napima upana, urefu, pembe kwa pembe kwenye kila chumba kikubwa, na kimo cha linta. Namba zinazogombana na karatasi naziandika kwa rangi nyekundu ndani ya faili, mteja azione.

Ila lile la chumba cha nyuma ya jukwaa bado linanisumbua wakuu. Mstari futi 10, namba futi 12, jengo futi 12.

MzeeTresing

Vijana habari zenu. Nimestaafu, nilikuwa mchora ramani kabla ya kompyuta kufika ofisini kwetu. Mjukuu amenionyesha uzi huu na nimeusoma wote.

Tulichora kwenye karatasi ya tresing kwa kalamu za Rotring: 0.25, 0.35, 0.5 na 0.7. Kila kalamu ni kama mara 1.4 ya iliyotangulia, sawasawa na karatasi inavyopanda kutoka A3 kwenda A2 kwenda A1. Ukikuza mchoro hatua moja, mstari wa 0.35 unakuwa 0.5, na unaendelea na kalamu inayofuata bila mtu kuona tofauti. Unene ulikuwa na maana. Ukuta uliokatwa 0.5 au 0.7, kilicho mbali nyuma yake 0.35, vipimo 0.25. Mstari wa vipande vipande ni kitu kilicho juu ya kichwa chako au kilichofichika. Hayo mafaili mnayogeuza, mjukuu wangu amenionyesha moja, yana mistari yote ya unene mmoja na ile ya vipande imekuwa vijistari vilivyotawanyika. Hapo ramani imenyamazishwa. Mkichora upya, rudisheni unene.

Sasa kijana wa Uyole. Tresing ilikuwa ghali na wino haufutiki kwa kifutio. Tulikwangua kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke. Mwenye jengo akija siku ya mwisho akasema chumba kile kiongezwe futi mbili, hakuna mchoraji aliyekwangua ukuta mzima na kila kilicho nyuma yake. Tulikwangua namba peke yake, tukaandika mpya, na kuipigia mstari mwembamba chini. Mstari huo chini ya kipimo maana yake: hiki hakikuchorwa kwa skeli, fuata namba. Fundi wa zamani aliijua alama hiyo na alijenga kwa namba. Ndiyo maana jengo lako lina futi 12.

Angalia chini ya hiyo 12'-0" kwenye karatasi yenyewe, si kwenye kompyuta. Mkishasafisha madoadoa ya skani, mstari wa 0.25 uliofifia ndio wa kwanza kuondoka.

Iyunga_Mwaka3

Shikamoo mzee. Hii alama sijawahi kuiona. Asante sana.

MzeeTresing

Marahaba. Kwa sababu kwenye kompyuta ukibadilisha kipimo, ukuta unasogea wenyewe. Hamna haja nayo tena, lakini karatasi zilizoko makabatini mwa watu zimejaa nazo.

MchoraUyole

Shikamoo mzee wangu. Ndaga fijo.

Nimerudi kwenye karatasi usiku huu. Kwenye skani hakuna kitu chini ya namba ile, hata nilipoikuza mpaka mwisho. Nikailaza karatasi mezani, nikazima taa, nikawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi. Upo. Mstari mwembamba chini ya 12'-0", na karatasi pale imekwaruzika, nikipitisha kidole naisikia.

Nikaendelea na tochi kwenye karatasi yote, ikanichukua kama saa nzima. Nimepata mwingine ambao sikuwahi kuuona: upana wa mlango wa pembeni wa jukwaa, 3'-6". Kwa skeli mstari unasoma 2'-9". Fremu mpya ya mlango huo iliagizwa wiki iliyopita kwa kipimo changu, na fundi wa milango bado hajakata mbao. Nimempigia sasa hivi asubiri. Kesho asubuhi napanda gari ya Tukuyu na futi kamba.